Kitambaa Cheupe, Gari Jekundu

Kioo alipoona kitambaa mkononi mwake kimegeuka chekundu, jambo la kwanza alilofanya ni kukagua vidole vyake. Vilikuwa kumi, vyote vizima, hakuna kilichovuja damu. Akakinusa kitambaa. Kilinuka krimu ya kusafishia rangi ya magari, ile ya kopo jeupe aliyoinunua jana yake. Ndipo alipoinua macho kulitazama gari la baba mkwe wake. Wekundu ule ulikuwa umetoka kwenye gari.

Mpaka dakika hiyo asubuhi ilikuwa inakwenda vizuri. Alikuwa ameanza kazi kabla jua halijapanda, chini ya banda la mabati pembeni mwa nyumba, akipiga mluzi. Aliliosha gari kwa ndoo mbili kama afanyavyo kila siku kazini, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, ili mchanga uliokwisha kutoka usirudishwe tena kukwaruza. Kisha akaanza kupaka ile krimu na kusugua kwa vitambaa vya buluu iliyokoza ambavyo mkewe, mshonaji, alikuwa amevikata kutoka kwenye sare kuukuu. Buluu iliyokoza inaficha mengi. Kitambaa kikijaa alikitupa kwenye ndoo na kuchukua kingine, na nyuma ya kila kitambaa gari lilibaki linang'aa kama pipi iliyotoka kinywani. Upande wote wa kushoto ulikuwa umekwisha, nusu ya boneti, madigadi na milango miwili, tena alikuwa ameshaupaka nta, ndipo vitambaa vya buluu vilipokwisha naye akachukua cheupe.

"Nimelichuna," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Sasa, si kila gari la kuchunwa ni sawa. Hili lilikuwa gari la mzee, na mzee alikuwa dereva wa teksi miaka thelathini na minne, yote ndani ya gari hilohilo. Alipostaafu alistaafu nalo. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kila asubuhi alilipangusa mwenyewe kwa sabuni ya unga na kipande cha blanketi, na kila Ijumaa alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Linang'aa?" Mama mkwe, ambaye alikuwa akiliita gari hilo mke mwenzangu, alijibu kutoka ndani kwamba linang'aa.

Kioo alikuwa anaosha magari kwa kazi, mwaka wa kumi na moja huu, kwenye kiwanja cha kuoshea kilicho nyuma ya kituo cha mafuta. Jina la Kioo alipewa na wateja, kwa sababu watu walikuwa wakichana nywele kwenye milango aliyoisafisha yeye. Mzee hakulitumia jina hilo hata siku moja. Alimwita "yule kijana wa maji", na kijana mwenyewe ana miaka thelathini na minane. Jambo lenyewe lingekuwa dogo kama Kioo na mkewe wasingekuwa wanaishi kwenye vyumba viwili vya uani mwa nyumba hiyohiyo ya mzee, baada ya nyumba waliyopanga kuuzwa. Mwanamume akihamia ukweni anatembea kwa vidole vya miguu, hata kama hakuna aliyemwambia lolote.

Basi Jumatatu mzee alipopelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawa atakaa kwa dada yake karibu na hospitali mpaka Ijumaa, Kioo akapata wazo. Alitaka kitu kimoja tu. Mzee akirudi na jicho jipya, kitu cha kwanza kumng'aria kiwe gari lake, na ajue ni mkono wa nani uliolifanya hivyo. Mkewe alimwonya. Alimwambia afagie uwanja tu, anunue matunda, aliache gari. Kioo akasema matunda kila mtu ananunua.

Sasa ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na gari lilikuwa na pande mbili kama godoro lililogeuzwa nusu.

*

Alijaribu kwanza kuficha ushahidi. Alivifua vitambaa vya buluu kwenye ndoo na kuyamwaga maji kwenye mfereji unaopita mbele ya jiko, bila kufikiri maji yale yana rangi gani. Mama mkwe alitoka na sufuria mkononi, akayatazama yakipita.

"Mmechinja nini?" aliuliza.

Kioo alisema hakuna kilichochinjwa, mama, ni uchafu wa gari. Mama mkwe akayafuata maji kwa macho mpaka yalikotoka, akaliona gari. Aliihamishia sufuria kwenye mkono wa pili.

"Mke mwenzangu amepaka rangi ya mdomo nusu mdomo," alisema hatimaye, na akarudi jikoni.

Kioo alisubiri amwite binti yake, apige kelele, ampigie simu wifi yake kule kwa mgonjwa. Hakufanya hata moja. Hilo lilimtisha Kioo zaidi ya kelele.

Mkewe aliporudi kutoka kupeleka nguo za wateja alilizunguka gari mara mbili. Alikuwa na kawaida ya kushika kila kitu kwa ncha za vidole kama anayepima kitambaa dukani. Akachukua kipande kingine cheupe, akakilowesha maji matupu, akausugua upande wa kulia ambao mumewe hakuugusa. Kikatoka na rangi ya waridi. Akachukua kingine akausugua upande wa kushoto uliokwisha pakwa nta. Kikatoka kisafi.

"Huku inachuja, huku haichuji," alisema. "Mimi naona kama iliyotoka ni ile iliyokwisha kufa. Nguo nyingine ziko hivyo, unafua mara mbili za kwanza maji yote yanabadilika, halafu inatulia."

"Gari si gauni, mke wangu."

"Sijasema ni gauni. Nasema ninachoona."

Lakini Kioo alikuwa na miaka kumi na moja ya magari, na katika magari yote hayo, mamia kwa mamia, hapakuwa na hata moja lililowahi kuacha rangi yake kwenye kitambaa. Alijua hiyo ni dalili ya nini. Alimshukuru mkewe kwa namna ya mtu asiyeshukuru, akaenda kutafuta wataalamu.

*

Wataalamu wa kwanza walikuwa wenzake wa kiwanjani, na kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja aliapa kwa mafuta ya taa kwenye maji ya sabuni, kijiko kimoja kwa ndoo. Mwingine akasema dawa ya meno, nyeupe, isiyo na mistari, hiyo inaondoa hata mikwaruzo ya funguo. Wa tatu, ambaye alikuwa akipaka matairi mafuta ya kupikia na kuwaambia wateja ni mafuta maalumu kutoka nje, alisema kwa huruma kubwa kwamba cha kufanya ni kununua turubai. Walicheka sana, na walipomaliza kucheka wakakumbuka kwamba Kioo anaishi kwa huyo mzee, wakacheka upya.

Jumatano akaenda kwenye duka la vipuri alikonunua krimu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliyezungumzia nta kama watu wengine wanavyozungumzia watoto wao. Jumatatu alikuwa amempangia Kioo makopo juu ya meza na kumweleza moja moja. Kuna nta ya maji ya kupuliza, upesi upesi, inang'aa leo na kesho, kesho kutwa imekwenda na vumbi. Kuna nta ngumu ya kopo bapa, itokayo kwenye majani ya aina fulani ya mtende, inataka mkono na subira, upake nyembamba, ungoje mpaka ipige ukungu, ndipo ufute, na mng'ao wake una kina. Kuna ya kutengenezwa kiwandani, inakaa miezi sita, ila mng'ao wake mkavu. Na kabla ya zote hizo, kama rangi imechoka, unaisafisha kwa krimu laini. Kioo alikuwa amechagua krimu laini na nta ya kopo bapa, na alitoka dukani akijiona mtu wa maana.

Safari hii alikitandaza kitambaa chekundu juu ya meza. Mwenye duka alivaa miwani.

"Nilikupa laini au ile ya kukwangua?"

"Laini, mama. Kopo hili hapa."

Alilisoma kopo mbele na nyuma. Akamweleza, taratibu, jambo ambalo Kioo alilijua na alikuwa akiomba lisiwe. Magari yana rangi, na juu ya rangi yana ngozi ngumu isiyo na rangi, kama varnishi juu ya meza. Krimu na nta hufanya kazi juu ya ngozi hiyo. Rangi ikitokea kwenye kitambaa maana yake ngozi imekwisha, umefika nyamani.

"Ulisugua kwa mashine?"

"Kwa mkono huu."

"Basi una mkono," mwenye duka alisema, na hakuwa anamsifu. Alikirudisha kitambaa kwa ncha ya kalamu. Wateja wawili waliokuwa wakingoja betri walikuwa wamesikia yote, na mmoja wao, aliyemletea Kioo gari lake kila wiki ya pili, aligeuka kuzitazama fremu za namba za magari ukutani kwa makini ambayo hazikustahili. Kioo alitoka bila kununua kitu.

Alhamisi alimleta fundi wa rangi nyumbani. Fundi huyu alikuja na viatu vyenye matone ya rangi zote na dakika tano za kupoteza. Aligongagonga mlango wa kulia, akapitisha kucha, akapuliza, akatikisa kichwa. Rangi imekufa, alisema. Pande zote. Kushoto imechunwa na kulia imeoza, hapa ni kukwangua gari zima mpaka bati na kupiga upya. Akianza jioni hiyo, kesho saa tisa mzee atalikuta limekauka. Akataja bei. Ilikuwa karibu sawasawa na fedha alizokuwa ameweka Kioo kwa ajili ya mashine yake mwenyewe ya kuoshea kwa presha, ile ambayo ingemtoa kwenye kiwanja cha watu na, Mungu akipenda, kwenye uani wa watu pia.

Kioo alikuwa ameshatia mkono mfukoni kutoa simu. Mkewe alikuwa mlangoni na sentimita ya kupimia nguo shingoni.

"Rangi mpya ataijua," alisema. "Ameliendesha gari hili miaka thelathini na minne. Utamwambia ilitoka wapi?"

"Nitamwambia ni zawadi."

"Zawadi ya kuficha. Na mashine yako nayo unampa zawadi?"

Fundi wa rangi akasema yeye si mtu wa kuingia mambo ya watu, ila akiondoka sasa bei ya kesho si hii. Kioo aliitazama simu yake. Alikuwa na hofu, hilo tusimfiche. Hofu ya mtu mzima kukemewa uani mbele ya mkewe, na baada ya hapo kuendelea kukaa palepale, kunywa maji ya palepale, kusalimia kila asubuhi. Aliirudisha simu mfukoni kwa sababu mkewe alikuwa amesema neno kuficha, na neno hilo lilimkaa vibaya. Fundi akaondoka na dakika zake tano.

Jioni hiyo mama mkwe alikuja mwenyewe bandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya magoti. Alisimama upande wa kulia, ule uliopauka, akauliza kwa sauti ndogo.

"Huwezi kulirudisha lilivyokuwa? Lote liwe kama huku?"

Kioo alisema haiwezekani, mama, iliyotoka imetoka.

"Na hilo jicho likishapona, ataona kila kitu?"

"Wanasema ataona kama kijana."

Mama mkwe alikaza kitambaa chake cha kichwa. "Maskini," alisema, na akarudi ndani polepole. Kioo alidhani anamhurumia yeye.

*

Ijumaa mchana, gari lilikuwa limefunikwa turubai. Kioo alikuwa ameliazima kwa yule yule wa mafuta ya kupikia, na hakujivunia hata kidogo.

Mzee aliteremka kwenye gari la kukodi huku dada yake amemshika mkono. Alikuwa na miwani myeusi mikubwa, na mara tu alipoingia kivulini aliivua. Dada yake alimkemea, akamtajia mbele ya wote masharti ya daktari: asiiname, asinyanyue kitu kizito, vumbi na maji visimguse jichoni, wiki nne. Mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama. Aliuliza geti lilianza lini kuota kutu. Aliuliza kama ukuta ule wa jirani umepigwa rangi, wakamwambia ni uleule. Alimsogelea mkewe, akamkazia macho mpaka yule mama akajifuta uso akidhani ana unga.

"Nyusi zako zimeingia mvi lini?"

"Ulipokuwa huoni," mama mkwe alisema. "Nilitumia nafasi."

Kila mtu alicheka, hata dereva wa gari la kukodi. Kioo naye alicheka, kisha akajua kwamba kama hatasema sasa hivi, kicheko hiki kikiwa bado uwanjani, hatasema tena. Alisogea.

"Baba, shikamoo. Pole na safari. Nimelichuna gari lako."

Mzee aligeuka. Kioo alieleza kila kitu kwa mkupuo mmoja: kwamba alitaka kumfurahisha, kwamba hakuomba ruhusa kwa sababu alijua atanyimwa, kwamba alitumia krimu laini na nta nzuri, kwamba rangi ilitoka kitambaani, kwamba wenye kujua wamemwambia ngozi imekwisha. Hakusema habari za fundi wa rangi, na mkewe hakumsaidia kukumbuka. Kisha akaenda akalivuta turubai mwenyewe, likaanguka chini.

Mzee alilifikia gari kwa upande wa kulia, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alisimama. Mlango ulikuwa na rangi ya matofali yaliyonyeshewa, na juu ya paa na pembeni mwa boneti mabaka meupe meupe kama ya chumvi. Aliweka kiganja mlangoni, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa na unga wa waridi. Alitembea kimya kupitia mbele, mpaka upande wa kushoto, na hapo uso wake ukalegea. Alijiona ndani ya mlango, mvi na mikunjo na vyote. Ulikuwa wekundu uleule aliotoka nao dukani siku ya kwanza.

"Huku ni sawa," alisema. "Hili ndilo gari langu. Kule umekufanya nini?"

"Wapi, baba?"

"Kule." Alinyoosha kidole juu ya paa, kuelekea kulia. "Kule ulikokuchuna."

"Kule sijakugusa, baba."

Dada wa mzee alipata kazi ya kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Mzee alirudi upande wa kulia, akautazama tena, wote, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, na kila mtu pale uwanjani aliona jinsi alivyokuwa akihesabu. Alikuwa amelipeleka gari hili kubeba maharusi wa jirani, mwaka juzi, lenye maua. Alikuwa akiliegesha mbele kabisa kila penye watu, na kuwakataza watoto kuliegemea. Alikuwa akiwacheka wenzake wenye magari mapya kwamba rangi za siku hizi hazidumu.

"Mama," alimwita mkewe. "Ijumaa zote zile?"

Mama mkwe alikuwa ameshika nguzo ya banda. "Ulikuwa unauliza huku unatabasamu," alisema. "Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia haling'ai."

"Halafu ungefanya nini? Ungesugua usichokiona, uumie. Nilisema kesho nitamwambia, na kesho ikawa mwaka, ikawa mitano." Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mimi nililiona linang'aa kwa sababu wewe ulilipenda. Basi."

Mzee aliketi kwenye kigoda cha kufulia. Alionekana mdogo. Kioo, ambaye alikuwa amejiandaa siku nne kwa hasira, hakuwa amejiandaa kabisa kwa hili, na alitamani afokewe.

"Na wewe," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Kazi yako ni magari. Ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa naona, baba. Toka siku niliyoposa."

"Ukanyamaza."

"Ulisema nisiliguse. Nikaona hata kulisema ni kuligusa."

Mzee alitoa pumzi puani, na mtu anayemjua angesema ni nusu ya kicheko. Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitambaa kilichokutisha."

Mkewe Kioo ndiye aliyekileta, kwa kuwa alikuwa amekitunza. Mzee alikikunjua juu ya magoti. Aliutazama wekundu wake, akakigeuza, kisha akatoa ufunguo shingoni na kumwambia Kioo afungue buti, ainue tairi la akiba, atoe kilichoko chini yake. Kioo alitoa bati la biskuti lililokula kutu kwenye pembe. Ndani mlikuwa na kopo la nta iliyokauka na kupasuka kama udongo, na kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa chekundu hata kuliko cha Kioo, chekundu mpaka nyuzi.

"Magari yetu hayakuwa na hiyo ngozi yenu," mzee alisema. "Rangi ndiyo ngozi. Jua linaila juu juu, unaifuta iliyoliwa, unakuta nzima chini yake, unaifunika na nta isiliwe tena. Madereva wote tulikuwa na kitambaa kama hiki. Ukikuta kitambaa cha dereva ni cheupe, ujue huyo mvivu." Akaligonga kwa kucha lile kopo la nta. "Niliacha macho yalipoanza kufifia. Nilikuwa nafuta, sioni tofauti. Nikasema basi, limeshakuwa zuri, halihitaji tena."

"Nilimwambia," alisema mkewe Kioo. "Nilimwambia ni iliyokufa ndiyo inatoka."

"Alikuambia?" mzee aliuliza.

"Aliniambia," Kioo alikubali. "Nikamwambia gari si gauni."

Mzee alimtazama binti yake, kisha mkwewe, na safari hii kicheko kilitoka kizima. Akajishika magoti ainuke, mkono ukielekea kwenye kopo la krimu, na dada yake akafunga mkoba wake kwa kishindo. Asiiname, alisema. Asinyanyue. Vumbi. Wiki nne. Mzee alimjibu kwamba kufuta gari si kunyanyua. Dada yake akasema basi yeye anapanda teksi sasa hivi na kwenda kumwambia daktari. Mzee alisimama pale, mkono hewani, kati ya gari na dada yake, na kusema kweli hakuwa na njia nyingine. Alikichukua kitambaa chake cha zamani kutoka kwenye bati, akakikung'uta mbali na jicho, akamkabidhi mkwewe.

"Anza na mlango wa mbele," alisema. "Kidogo kidogo. Usinimalizie."

*

Walifanya kazi mpaka jua likapoa. Kazi ilikuwa ya Kioo na maneno yalikuwa ya mzee, aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni kilichotolewa nje kwa heshima yake, miwani myeusi usoni. Walibishana kuhusu kila kitu. Mzee aliona ndoo mbili ni anasa, akaelezwa, akasema pengine. Kioo alitaka kungoja nta ipige ukungu dakika kumi, mzee akasema zamani walingoja muda wa kuvuta sigara moja, wakapima kwa saa ikawa karibu ni hizohizo. Mzee alilinusa kopo bapa kwa muda mrefu, akauliza bei, akashtuka, akanusa tena. Maji mekundu yalikwenda zake mferejini kupita mbele ya jiko, na mama mkwe hakuuliza nani amechinjwa. Alikuwa akiimba kidogo.

Paa likaja, milango ikaja, nusu ile ya boneti ikaungana na mwenzake hata usingejua mpaka ulikuwa wapi. Mwisho ikabaki sehemu ya chini kabisa, ule ukingo ulio chini ya milango, ambao ili kuuona ni lazima mtu ainame mpaka shavu likaribie kugusa ardhi. Kioo alikuwa huko, amelalia ubavu juu ya turubai la kuazima.

Mzee alisimama mbele ya gari lake. Akaweka mikono kiunoni. Ilikuwa Ijumaa, na mkewe ndani ya jiko aliacha kuimba, akangoja.

"Kioo," mzee alisema.

Kioo aliinua kichwa, kikagonga mlango. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo kwa sauti ile.

"Naam, baba."

"Huko chini mimi siwezi kuinama. Linang'aa?"

Kioo alitazama. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, njaa ilikuwa inamuuma, na hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angekuja kuchungulia huko chini wiki nne zijazo.

"Bado, baba. Karibu na gurudumu la nyuma bado limepauka."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akarudi kitini. "Basi endelea."

Kioo akaendelea. Jikoni kukaanza tena sauti ya sahani. Baada ya muda mzee akauliza tena, bila kugeuka.

"Sasa je?"

"Sasa linang'aa."

Mzee hakuinuka kwenda kuhakikisha.